Mbio ndefu za baiskeli za milimani, Moshi na Arusha: maswali tunayoulizwa kila msimu

Kila mbio zinapokaribia, kijiwe cha fundi wetu hapa Moshi hujaa wageni. Wapo wanaotoka Arusha, wapo wa Dar, na karibu wote wanaanza na swali lilelile: baiskeli ya bei gani? Huwa tunawakaribisha benchi kwanza. Mimi nimeshiriki mbio hizi mara kadhaa, mara moja nikarudishwa na gari, na siku hizi pia nakaa kwenye meza ya ukaguzi kabla ya mbio kuanza. Majibu haya ni ya kijiweni. Waandaaji wa mbio zako wakiwa wameandika jambo tofauti kwenye kanuni zao, fuata lao.

Mbio ndefu ni kilomita ngapi?

Kwa kanuni za UCI, shirikisho la baiskeli duniani, mbio za masafa marefu za baiskeli za milimani ni za kilomita 60 hadi 160, na zinamalizwa siku hiyohiyo. Halafu kuna za siku kadhaa: unaendesha, unalala, unaamka na miguu ileile unaendesha tena. Zinazosikika sana barani kwetu ni Cape Epic za Afrika Kusini, zilizoanza 2004, siku nane, washiriki wawili wawili. Marekani wana za Leadville, jimbo la Colorado, tangu 1994: maili 100, yaani kilomita 160 na ushee, katika mji ulio juu ya mita 3,000.

Huku kwetu usiulize kilomita peke yake, uliza na mita za kupanda. Arusha hadi Moshi kwa lami ni kilomita 80 hivi, safari ya asubuhi. Kilomita hizohizo 80 ukizianzia tambarare ya Sanya, ukapanda hadi kando ya msitu upande wa Kilimanjaro Magharibi, ukashuka, ukapanda tena, ni kazi ya siku nzima na jua linaweza kuchwa ukiwa njiani. Tangazo likitaja kilomita bila kutaja mwinuko, piga simu uulize.

Haya, baiskeli ya bei gani inatosha?

Baiskeli nyingi ninazokagua ni za mtumba, zimenunuliwa na kutengenezwa hapahapa. Zinamaliza. Zinazokwama ni zile zilizopakwa rangi mpya juu ya ugonjwa wa zamani.

Ukienda kununua mtumba, usianze na rangi wala jina. Ipindue kichwa chini miguu juu. Zungusha magurudumu uone kama rimu inayumba. Pitisha kidole kwenye maungio ya fremu, hasa chini ya usukani na pale pedeli zinaposhikia. Ufa mwembamba kama unywele mahali hapo unatosha kukufanya urudishe pesa mfukoni. Fremu ya chuma fundi anaweza kuichomelea ukaendelea na maisha. Ya alumini ikipasuka iache, maana wachomeleaji wengi wa mtaani hawana mashine yake, na hata ikishikana hairudii nguvu yake ya mwanzo. Tazama meno ya gia. Yakiwa yamechongoka kama ya papa, cheni mpya itakuwa inaruka kila ukikanyaga kwa nguvu, kwa hiyo usihesabu bei ya cheni tu, hesabu seti nzima. Kandamiza shokapu za mbele: zikishuka bila kurudi, au zikiacha mafuta kwenye bomba, hiyo ni bei nyingine tena.

Phoenix je? Naiheshimu sana. Imebeba mikungu ya ndizi kwenda sokoni kabla wengi wetu hatujazaliwa. Lakini ina gia moja, na breki zake za vyuma zikilowa hazishiki. Kuiteremsha kutoka Marangu hadi Himo kwa kasi ya mashindano ni kumtafutia mama yako msiba.

Kisicho na mjadala ni kimo. Ukisimama katikati ya fremu, miguu yote chini, bomba la juu lisikuguse. Ukikaa na kushusha pedeli hadi mwisho, goti libaki limekunjika kidogo. Baiskeli ya mamilioni iliyokuzidi kimo itakuvunja mgongo kabla ya kituo cha pili.

Gia ngapi?

Idadi haina maana. Angalia gia yako nyepesi kabisa: sahani ya nyuma iwe na meno mengi kuliko ya mbele. Mbele 32, nyuma 42 au zaidi, unapanda popote huku. Baiskeli za zamani zenye sahani tatu mbele, ndogo yake meno 22, ziko vizuri kabisa. Fundi asikushawishi kuzitoa kwa sababu tu fasheni yake imepita.

Kwa nini kila mtu anazungumzia matairi?

Kwa sababu ya mbigili. Ni mmea unaotambaa ardhini, una maua madogo ya njano, na tunda lake limeumbwa kwa hila: likianguka vyovyote vile, mwiba mmoja hutazama juu. Ongeza miiba ya migunga, iliyo mirefu kama sindano ya kushonea magunia, na mawe ya volkano yanayochana ubavu wa tairi. Hapo utaelewa kwa nini watu wenye miguu ya chuma wanamaliza wa mwisho.

Mwaka wangu wa kwanza nilibeba tyubu moja ya akiba. Kabla ya kilomita ya 40 nilikuwa nimeshaitumia. Pancha ya pili nikaweka kiraka, ya tatu kiraka. Ya nne nikafungua solusheni nikakuta imekauka yote. Nilikuwa nimeinunua miezi mingi nyuma na kuifungua mara moja. Nilirudi mjini nyuma ya pikapu, nimekaa na mbuzi wawili wa mtu. Tangu siku hiyo nanunua solusheni mpya kila mbio, hata kama ya zamani inaonekana nzima.

Ukiweza, weka matairi ya tyubulesi, kama ya magari, yenye maji ya kuzibia ndani, yale meupe kama utomvu wa mpapai. Mwiba ukiingia, maji hayo yanaukimbilia mwanya na kuganda. Ukiona povu linatoka, zungusha tundu liangalie chini, subiri kidogo, endelea. Ila maji hayo hukauka, na kwa joto letu hukauka upesi; fungua uangalie kila baada ya miezi miwili. Upepo wake unaweza kuwa PSI 20 hadi 30 kulingana na uzito wako. Wenye tyubu wapandishe kidogo, 30 hadi 35, la sivyo rimu itaibana tyubu kwenye jiwe na kuitoboa matundu mawili kama meno ya nyoka.

Mambo mawili ya kukaririwa. La kwanza, kabla ya kuweka tyubu mpya pitisha kitambaa ndani ya tairi, duara zima. Kitambaa kitanasa mwiba uliobaki. Ukitumia kidole, kidole ndicho kitakachonasa. Wengi hutoboa tyubu ya pili kwa mwiba wa kwanza. La pili, beba kipande cha tyubu tupu ya dawa ya meno, kimekatwa na kuoshwa. Ubavu wa tairi ukichanika, kiweke kwa ndani kati ya tairi na tyubu, jaza upepo, nenda. Kitakufikisha.

Nifanye mazoezi kwa muda gani, na wapi?

Kama sasa hivi unaweza kuendesha saa mbili bila kusimama, jipe miezi mitatu. Kama huwezi, jipe sita, wala usione aibu.

Juma la kawaida la mtu mwenye kazi na familia lina siku tatu au nne za baiskeli. Mbili fupi katikati ya wiki, na moja ndefu Jumamosi. Hiyo ndefu ndiyo inayojenga. Iongeze kidogo kila wiki, halafu kila wiki ya nne ipunguze mwili upumue. Mwendo wake uwe wa kuweza kuzungumza: ukimpigia mwenzako hadithi na pumzi inakatika katikati ya sentensi, umezidisha. Vijana hawapendi kusikia hili. Wanataka kila Jumamosi iwe fainali, na ikifika siku ya mbio yenyewe wamechoka kama punda wa maji.

Kwa mbio za siku mbili au tatu, angalau mara nne kabla ya mbio endesha Jumamosi na Jumapili mfululizo. Ni ile Jumapili ndiyo unayoifanyia mazoezi: kupanda tandikoni ukiwa na makalio yenye malalamiko.

Kwa wa Moshi, tambarare ni upande wa kusini, njia za vumbi za kuelekea mashamba ya miwa ya TPC. Nzuri kwa kujifunza kukanyaga mfululizo bila kupumzika. Kupanda, chagua: Kibosho, Machame, Marangu. Barabara ya Machame inakutoa kwenye joto la migomba ya chini hadi lango la hifadhi, kwenye mita 1,800 hivi, na mji wenyewe uko chini ya mita 1,000. Wa Arusha mna Ngaramtoni na miteremko ya Meru kwa kupanda, na Kisongo hadi Monduli kwa upepo wa uso na vumbi. Msiende mchana wa Januari mkasema niliwatuma mimi.

Jifunze na kushuka. Watu wanapanda kwa mapafu kisha wanaanguka kwa uzembe. Simama kwenye pedeli zikiwa sawa usawa wa ardhi, peleka uzito nyuma, vidole kimoja au viwili kwenye breki, macho mbali kule unakotaka kwenda. Ukilitazama shimo, utaliingia.

Wiki ya mwisho usifanye jambo lolote kubwa. Huwezi kuongeza nguvu siku tano kabla. Unachoweza kuongeza ni uchovu.

Natoka Dar. Mwinuko utaniangusha?

Ugonjwa wa mwinuko kwa kawaida huanza kusumbua watu juu ya mita 2,500, na barabara nyingi za kuzunguka mlima ziko chini ya hapo. Hutaugua, lakini utahema mapema kuliko ulivyozoea. Njoo siku mbili tatu kabla kama kazi inaruhusu, na saa ya kwanza ya mbio waache wenyeji waende. Kinachowaangusha watu wa Pwani mara nyingi ni baridi ya alfajiri. Kuanzia Juni hadi Agosti, kipupwe kikikaza, mtu anaweza kutetemeka mstari wa kuanzia hadi anashindwa kubana breki. Koti jepesi la upepo, tafadhali.

Nile nini?

Hapa ndipo mbio zinapoamuliwa, na hapa ndipo watu hawaniulizi mpaka wamekwisha kuzimia njiani.

Mwili una akiba ya wanga misulini na kwenye ini ya kutosha saa mbili hivi za kazi ngumu. Ikiisha, miguu inageuka uji, unaona kiza, na kilima kidogo cha kijijini kinakuwa Kibo. Dawa yake ni kula kabla hujaona njaa, tangu nusu saa ya kwanza, gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa. Kwenye safari zinazozidi saa mbili na nusu, waliozoeza matumbo yao hufika hadi 90, wakichanganya aina za sukari, kwa mfano glukosi na ile ya matunda. Kwa lugha ya sokoni: ndizi mbivu ya wastani ina gramu 25 hivi, kijiko cha chai cha sukari gramu 4. Kwa hiyo ndizi mbili kwa saa na chupa yenye sukari kidogo, umefika.

Huna haja ya vifuko vya dukani vya bei mbaya. Ndizi, tende, viazi vitamu vilivyochemshwa na kutiwa chumvi, chapati iliyopakwa asali na kuviringishwa, kashata. Baada ya saa nne utachukia kila kitamu, kwa hiyo beba na kitu cha chumvi. Mimi hubeba viazi mviringo vidogo kwenye mfuko. Vinapondeka, sura yake haipendezi, lakini vinashuka.

Usiku wa kuamkia mbio, wenyeji wako Uchagani watakuletea mtori, nao ni chakula kizuri sana cha kazi hiyo. Nyama choma usizidishe. Maharage yaache hadi kesho jioni. Mbege nayo ikusubiri kwenye mstari wa kumalizia. Asubuhi kula saa tatu kabla ya kuanza, chakula ulichokizoea: uji, mkate, chai. Siku ya mbio si siku ya kujaribu chakula kipya, hata ukipewa bure na mdhamini.

Na maji?

Watu wengi wanahitaji nusu lita hadi lita moja kwa saa, kutegemea jua na mwili. Njia rahisi ya kujua lako: jipime uzito kabla na baada ya zoezi la saa mbili. Kilo moja iliyopotea ni karibu lita moja ya jasho. Ongeza na ulichokunywa, kisha gawa kwa mbili upate cha saa moja.

Usinywe maji matupu kupita kiasi. Yakizidi na chumvi ikapungua mwilini, unavimba vidole, kichwa kinauma, unatapika, na ukifikiri ni kiu unaongeza maji, hali inazidi kuwa mbaya. Ni hatari ya kweli, imewahi kuua washiriki wa mbio za masafa marefu. Mchanganyiko wa nyumbani ni ule wa kliniki za watoto: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Kamulia limau lishuke vizuri. Maji ya mfereji wa shambani usiyanywe hata yakimetameta vipi. Juu yake kuna ng'ombe.

Msimu gani ni mzuri?

Masika, Machi hadi Mei, barabara za udongo mweusi hazipitiki kwa baiskeli. Udongo unajisokota kwenye tairi hadi gurudumu linagoma kuzunguka, nawe unaibeba baiskeli iliyokubeba. Vuli, Oktoba hadi Desemba, ni bahati nasibu. Juni hadi Septemba ni kukavu: baridi na ukungu mlimani, vumbi tambarare. Januari na Februari ni jua kali. Ukija mwishoni mwa Februari, kumbuka Moshi inajaa kwa ajili ya mbio za miguu za Kilimanjaro Marathon, kwa hiyo chumba tafuta mapema.

Nibebe nini njiani?

Tyubu mbili (hata mwenye tyubulesi abebe moja), viraka na solusheni mpya, pampu inayofanya kazi, ambayo umeijaribu nyumbani. Vipande vya plastiki vya kuvulia tairi. Alenkii, zile spana za pembe sita. Kikatia cheni na kiungo kimoja cha akiba. Kile kibati kinachoshika mkono wa gia kwenye fremu, maana ukianguka upande wa kulia hicho ndicho kinachopinda, na kila baiskeli ina cha kwake, hutaazimwa. Kikivunjika nawe huna, kata cheni, ifupishe, iwe gia moja, endelea taratibu. Fundi wako akufundishe jambo hilo kabla, si kwa simu ukiwa Rongai.

Simu yenye chaji, pesa taslimu kidogo, bandeji, filimbi. Tochi kama kuna dalili yoyote ya kuchelewa.

Usajili unataka nini?

Kitambulisho, fomu ya kukubali hatari uliyoisoma kweli, mtu wa kupigiwa simu likitokea jambo, na mara nyingine cheti cha daktari. Walio chini ya miaka 18 wanahitaji saini ya mzazi au mlezi, na mbio nyingi ndefu haziwachukui kabisa. Bima ulizia wewe mwenyewe inafunika nini, maana ile ya waandaaji si lazima ikufunike wewe. Ukitaka kushindana kitaifa, utaratibu uko kwa Chama cha Baiskeli Tanzania, CHABATA.

Kwenye ukaguzi tunaangalia helmeti, breki mbili, ncha za usukani zisizo wazi, na magurudumu yaliyokazwa. Helmeti iliyowahi kugonga chini imemaliza kazi yake, hata kama haina ufa. Kila mwaka kuna mtu anabishana nami kuhusu hilo.

Nikichelewa je?

Vituo huwa na saa ya kufungwa. Ukifika baada yake, unavuliwa namba na kupandishwa gari la mwisho. Usigombane na wahudumu, wengi wamejitolea na wamesimama juani tangu alfajiri. Nami nimelipanda gari hilo, lina viti kama magari mengine.

Hesabu yako ifanye nyumbani: kwenye saa za kanuni toa kwanza muda wa pancha mbili na vituo, kisha gawa umbali kwa saa zilizobaki, ulinganishe na kasi yako ya mazoezini. Ukiona umebaki na mwanya mwembamba, chagua mbio fupi mwaka huu.

Nitapotea?

Inawezekana, hasa kwenye migomba ya Rombo na Marangu, ambako kila kijia kinafanana na mwenzake. Pakua ramani ya njia kwenye simu au saa kabla ya kuondoka. Kanda za alama zipo, lakini watoto huzipenda na mbuzi huzipenda zaidi. Ukienda kilomita moja na nusu bila kuona alama, simama, rudi. Upande wa Tarakea na Rongai simu hudaka mitandao ya Kenya, ikala salio lako na kukumaliza chaji kwa kutafuta. Chagua mtandao wako mwenyewe kwenye mipangilio.

Na uulize watu. Lakini salamu kwanza. Mtu anayepita kwa kasi akimpigia mzee kelele "njia iko wapi!" atapewa njia, na haitakuwa ile aliyoitaka.

Tembo?

Upande wa Kilimanjaro Magharibi na Enduimet, ndiyo, hupita kati ya mlima na Amboseli. Ukiwaona, simama mbali, usipige kengele wala kelele, rudi nyuma taratibu, mjulishe mhudumu. Hakuna picha yenye thamani ya kusogea.

Lakini wasiwasi wako mkubwa uwe kwa ng'ombe, mbwa na bodaboda. Kundi likivuka, shuka, msubiri mchungaji. Mbwa akikukimbiza, simama, weka baiskeli kati yako na yeye. Wengi hukimbiza kinachokimbia na wakikiona kimetulia hawajui la kufanya. Bodaboda hawafungiwi barabara kwa sababu yako, kwa hiyo kona zote shikilia kushoto.

Wanawake wanashiriki?

Mimi ninayeandika ni mwanamke, kwa hiyo jibu unalo. Niongeze ambayo dada zangu huniuliza wakinivuta pembeni. Kaptura ya pedi huvaliwa bila chupi ndani. Mishono ya chupi ndiyo inayochubua. Paka mafuta ya mgando kabla ya kuanza. Tandiko la kike lipo na lina tofauti, lijaribu kabla hujalinunua. Siku zako zikiangukia siku ya mbio, beba vifaa vyako kwenye mfuko usioingiza maji na uwaombe waandaaji mapema wakuambie vyoo viko vituo gani. Wakishindwa kujibu, hilo lenyewe ni jibu kuhusu waandaaji hao.

Kijijini utashangaliwa. Bibi mmoja kule Rombo alinisimamisha. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akauliza: "Mwanangu, unakimbia nini?" Nikasema nakimbia muda, bibi. Akanitazama, akakata ndizi mbili kwenye mkungu. "Haya, shika hizi ukimbie nao."

Mbio za wawili wawili nichague mwenzangu vipi?

Usichague rafiki, chagua mtu wa kasi yako. Cape Epic wana kanuni kwamba wawili wasipishane zaidi ya dakika mbili, na hata pasipo kanuni hiyo maumivu ni yaleyale: mwenye nguvu anakasirika akisubiri, mnyonge anajiua kumfukuza. Fanyeni pamoja angalau safari tatu ndefu, moja ikiwa ya mvua. Mtu anajulikana akiwa ameloa.

Nikianguka?

Kwanza toka njiani. Aliyegonga kichwa, akapoteza fahamu hata sekunde chache, akatapika au akawa anauliza swali lilelile mara tatu, mbio zake zimeisha, apelekwe hospitali hata akikataa. Bega likidondoka na kuuma ukiinua mkono, huenda ni mfupa wa mtulinga. Ufunge mkono kifuani kwa kanga au jezi, usubiri gari. Kwa hospitali, Moshi kuna KCMC na Mawenzi, Arusha kuna Mount Meru. Michubuko ioshe kwa maji safi na sabuni, changarawe zote zitoke. Majivu na dawa ya meno havihusiki.

Baiskeli inapandaje basi?

Ongea na kondakta siku moja kabla, si dakika tano kabla. Toa pedeli na gurudumu la mbele, geuza usukani, funga katoni upande wa mkono wa gia. Kama breki ni za diski za mafuta, chomeka kipande cha kadibodi ngumu kati ya pedi zake, maana mtu akibana breki gurudumu likiwa nje pedi zitashikana na utaanza mbio zako kwa bisibisi. Simama mwenyewe inapopakiwa. Magunia ya vitunguu yawe chini yake, si juu.

Kuna pesa?

Kwa washindi wa kwanza, mara nyingine. Kwa wengine medali, fulana na njaa.

Baada ya mbio nifanye nini?

Kula ndani ya saa moja, nawa, badili nguo. Watu wengi huenda kuoga kwenye chemchemi ya Chemka, upande wa Boma Ng'ombe. Maji yake si ya moto kama jina linavyodai, ni ya uvuguvugu tu, nayo yanatosha. Cheni ioshe siku hiyohiyo kabla vumbi halijageuka msasa.

Siko tayari kushindana. Naweza kuja kusaidia?

Njoo, tunahitaji watu vituoni kuliko tunavyohitaji washiriki. Utaandika namba, utamenya ndizi, utamwambia mtu anayelia kwamba kilima kilichobaki ni kimoja, hata kama ni viwili. Leta kofia, kiti cha kukunja na kalamu mbili, maana ya kwanza itaondoka na mshiriki.